Watoto Niliowapima Jumamosi

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi sanduku. Katika hati ya makabidhiano liliandikwa "kifaa cha upimaji, kimoja, hali ya wastani", maelezo ambayo yangenifaa hata mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimelibeba sanduku hilo la mbao kati ya Kisii na Nyamira, nikilifungua mbele ya watoto ambao walimu wao walishasema hawafundishiki. Sasa nyinyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na jinsi nilivyolishinda. Ndiyo, nililishinda, na leo sina haya ya kujisifu.

Kwa asiyetoka ofisini kwetu, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu akiona mtoto hasomi, anamleta kwetu, au sisi tunamfuata huko aliko. Ndani ya sanduku mna vitalu vidogo vyekundu na vyeupe, kadi za picha, penseli, na saa ya kuhesabia sekunde. Mtoto anaonyeshwa mchoro, anaujenga kwa vitalu huku saa ikitembea. Anaonyeshwa picha iliyopungukiwa na kitu, anataja kinachokosekana. Mwisho wake inatoka namba, na namba hiyo ndiyo inayosema kama atabaki darasani na wenzake au atapelekwa kitengo maalumu. Ni namba ndogo tu, lakini nimeona ikimfuata mtoto hadi akaota ndevu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nyamarambe, na aliyenifundisha alikuwa Mwalimu Makori, Mungu amrehemu, mtu mrefu aliyevaa koti moja mvua na jua. Nilikuja na viatu vipya na hamu ya kufungua sanduku. Akanizuia mkono. Akasema kabla ya kitu kingine chochote nijaze sehemu ya juu ya fomu: siku, saa, mtoto amekula nini, ametembea umbali gani, ameletwa na nani. Nikamwambia hayo si sehemu ya kipimo. "Bosibori," akasema, "juu ya fomu ndiko kuna mtoto. Huko chini kuna hesabu tu." Niliona ni usumbufu wa mzee. Nilijaza kwa sababu nilimwogopa, na nikaendelea kujaza hata baada ya yeye kustaafu, kama mtu anavyoendelea kunawa mikono bila kuuliza kwa nini.

Siku hiyohiyo tulimwonyesha msichana mmoja picha ya nyumba. Nyumba hii inakosa nini? Aliitazama kwa muda, akasema, "Migomba." Kitabu, ambacho kilitungwa na watu wa nchi za baridi, kilitaka bomba la moshi juu ya paa. Makori akaniambia niandike amekosa, maana kitabu ni kitabu, lakini pembeni niandike alichosema. Alicheka njia nzima kurudi Kisii. Nyumba isiyo na migomba, alisema, hata mimi ningekuwa msichana nisingeolewa humo.

Katika miaka iliyofuata niligundua kwamba watu hawakuja kwangu kuuliza habari za watoto tu. Kila mtu alikuwa na swali lilelile amelivalisha nguo zake: je, akili ina uhusiano na dini, na siasa, na mambo ya chumbani? Na kila mtu alikuwa amekuja na jibu mfukoni. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa mjini Kisii alinieleza kwamba binti yake anakariri sura ndefu za Kurani bila kukosea, kwa hiyo haiwezekani hesabu imshinde ila mwalimu ana chuki. Katekista wa kwetu, maana mimi ni Mkatoliki, aliamini wanaokuja misa ya asubuhi wana akili kuliko wa misa ya pili. Mama wakwe ndio walikuwa wakali zaidi. Kwao, msichana aliyezaa nyumbani alikuwa mjinga kwa ushahidi wa tumbo, na kijana aliyempa mimba hakuwahi kupimwa na mtu yeyote.

Nao wanasiasa hawakubaki nyuma. Kipindi kimoja cha kampeni, mgombea wa kiti cha wadi alinikuta sokoni Nyaramba nikinunua viazi, akanivuta pembeni.

"Madam, si wewe ndio unapima akili?"

"Ya watoto."

"Nataka unipatie cheti niweke kwa poster. Watu wa yule mpinzani wangu hawana akili. Wanapiga kura vile ukoo unawaambia."

"Na watu wako?"

"Wangu pia wanapiga vile ukoo unasema. Lakini wangu wanaelewa."

Nilimwambia sanduku langu lina kikomo cha umri, na kipara chake kilikwisha kukivuka kikomo hicho. Alishinda bila cheti.

Sasa nije kwenye kosa. Miaka kama kumi kabla ya kustaafu, gari letu liliharibika kabisa, tukaambiwa tutumie gari moja na wakaguzi wa shule. Wakaguzi walilitumia Jumatatu hadi Ijumaa. Sisi tukapewa Jumamosi. Nilifurahi, kusema kweli. Jumamosi madarasa ni matupu na hakuna kelele za kengele. Nikapanga ratiba ya shule za milimani, Manga na kwingineko, nikawaandikia walimu wakuu wawalete watoto. Milima ile imejaa Wasabato, na mimi nimezaliwa hapahapa, nimekua na majirani wanaozima jiko Ijumaa jua likitua. Bado sikuona tatizo. Niliona kwamba Sabato ni kwenda kanisani asubuhi na kutouza sokoni. Vitalu vyekundu na vyeupe kwangu vilikuwa vitu vya kuchezea, na nani amewahi kumkataza mtoto kucheza?

Wazazi wengi Wasabato hawakuwaleta watoto. Walimu wakuu wakawasukuma wachache waje, kwa sababu ofisi imesema. Hao waliketi mbele yangu wakanyamaza. Nikaandika, "Mtoto hana ari." Nikaandika, "Hashiriki." Saa ikatembea, nikaandika sifuri, nikamwita mwingine. Miaka minne nilifanya hivyo, hadi tulipopata gari letu wenyewe.

Baadaye, nikiwa nimebakiza miaka michache, alikuja Dakta Mutiso kutoka chuo kikuu kimoja huko Nairobi. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa, miwani ikiteleza puani. Alitaka majalada yetu yote ya zamani. Wasaidizi wake wakazunguka nyumba kwa nyumba kuongeza mambo matatu kwa kila mtoto: familia ni ya dini gani, inaunga mkono mrengo upi wa siasa, na kama ni msichana, amewahi kufanya nini na amezaa akiwa na umri gani. Hilo la tatu lilinichekesha mapema. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima na haya inayotenga mtoto na watu wa rika la wazazi wake katika maneno ya mwili. Wasaidizi walikuwa watu wa makamo. Waliwauliza wasichana mambo ya kitandani mbele ya mama zao, wakajibiwa "hapana" hata na wale walioshika tumbo kwa mikono miwili. Nikamwonya Dakta. Akasema basi atahesabu watoto waliozaliwa, maana mtoto hawezi kukanushwa.

Matokeo yake aliyasoma katika mkutano wa walimu wakuu na maafisa mjini Kisii. Watoto wa familia za Kisabato walikuwa na alama za chini. Familia za mrengo ulioshinda milimani, alama za chini. Wasichana waliozaa mapema, alama za chini zaidi. Alizungumza kwa uangalifu, akasema "huenda" na "inaelekea", lakini ukumbini hakuna aliyesikia maneno hayo mawili. Kisha akaniomba nisimame, kwa sababu bila majalada yangu utafiti usingekuwepo. Walinipigia makofi. Nilikuwa nimeshonesha gauni la kitenge kwa ajili ya siku hiyo, na nilisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Haukupita mwezi, mama mmoja mzee akaingia ofisini kwangu akiwa na mtoto mchanga mgongoni na barua mkononi. Alikuwa ametoka Manga, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Wewe ndio Mwalimu Bosibori?"

"Ndio mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Nikikaa nitapoa, na sijataka kupoa."

Jina lake lilikuwa Nyanya Kerubo. Mtoto mgongoni alikuwa kitukuu chake. Mjukuu wake, Kwamboka, alikuwa na miaka kumi na saba, alikuwa kidato cha pili alipopata mimba, na sasa alitaka kurudi darasani. Sheria iko wazi: msichana akizaa, shule inampokea. Bodi ya shule haikuweza kumkataa kwa sababu ya mtoto, basi ikamkataa kwa sababu ya karatasi. Barua ilisema kwamba, kwa kuzingatia tathmini iliyofanywa akiwa darasa la nne, na kwa kuzingatia utafiti wa hivi karibuni, mwanafunzi huyu hana uwezo wa masomo ya sekondari na apelekwe kitengo maalumu. Kitengo chenyewe kilikuwa mbali, na hakikupokea mama mwenye mtoto anayenyonya. Kwa maneno mengine, ndio ulikuwa mwisho wa shule. Shule ya msingi haikuwahi kuitekeleza tathmini hiyo; utafiti ndio ulioifufua. Nakala ya tathmini ilibanwa nyuma, na sahihi ilikuwa yangu.

"Hii ni mkono yako?" Nyanya akaniuliza.

"Ni mkono wangu."

"Ulimpima siku ya Sabato."

Nilitaka kusema kitu cha kiofisi. Badala yake nikaenda kabatini nikatoa jalada. Juu ya fomu, mahali aliponifundisha Makori, nilikuwa nimeandika mwenyewe: Jumamosi, saa nne asubuhi. Amekula viazi na chai. Ametembea kilomita tatu. Ameletwa na mwalimu mkuu. Na chini yake: "Mtoto ameweka mikono chini ya mapaja. Hajibu." Kisha sifuri, sifuri, sifuri, kwa mwandiko mzuri sana.

"Alirudi nyumbani akilia," Nyanya akasema. "Akaniambia, nyanya, sikufanya kazi ya shule siku ya Mungu, lakini mwalimu ameandika sana. Nikamwambia nyamaza, Mungu anajua kusoma. Sasa mimi nauliza wewe. Na wewe unajua?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Mtoto wa miaka tisa aliketi mbele ya serikali, mbele ya mwalimu wake mkuu, akachagua kutotii wote wawili kwa ajili ya alichokiamini, bila kumvunjia heshima mtu. Nami nikamwandikia kwamba hana akili. Nyanya hatimaye aliketi, kwa sababu mtoto alianza kulia, na mimi nikachemsha chai.

Jumatatu iliyofuata nilipanda bodaboda na sanduku langu hadi Manga. Kwamboka alikuwa ameondoa vitu vyote mezani na kuifuta meza mara mbili. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho ya mtu aliyezoea kungoja uamuzi wa wengine. Nilipokuwa nikitafuta kadi za umri wake, nikamuuliza mbona siku ile hakuniambia.

"Wewe ni rika la mama," akasema. "Ningekwambiaje unakosea?"

"Ungesema tu leo ni Sabato."

"Mwalimu, kila mtu alikuwa anajua leo ni Sabato."

Nikajaza sehemu ya juu ya fomu. Jumatatu, saa tatu. Amekula ugali wa wimbi na maziwa. Hakutembea. Hakuletwa na mtu. Nikaweka vitalu mezani na mchoro wa kwanza, nikageuka kuchukua saa, na nilipogeuka tena alikuwa ameketi kimya mikono mezani.

"Umeianza saa, Mwalimu?"

"Bado."

"Basi anza. Nimemaliza."

Niliuvunja mchoro, nikaanza upya kwa haki, na akamaliza tena. Wa tatu, wa tano, wa saba. Mchoro wa mwisho nimeuona ukiwashinda walimu waliotaka kujaribu. Yeye aliugeuza kichwani kwanza, macho yamefumbwa nusu, kisha akaujenga bila kurudisha kitalu hata kimoja. Katikati mtoto aliamka, naye Kwamboka akamnyonyesha huku akinitajia maana za maneno. Nimepima mamia ya watoto. Sikuwahi kutamani kupiga makofi ndani ya kipimo ila siku hiyo, na nilijizuia kwa shida.

Niliporudi ofisini nilitoa majalada yote ya miaka ile minne nikayapanga sakafuni kwa siku ya wiki. Jumamosi ilikuwa rundo lake. Karibu kila sifuri ya mtoto Msabato ilitoka humo. Nikampigia simu Dakta Mutiso. Nilitarajia abishe. Akauliza, "Madam, siku ya wiki imeandikwa kwenye kila fomu?" Nikasema kila fomu. Akaja siku ya tatu. Tuliketi sakafuni wote wawili, shati lake na kila kitu, tukaliondoa rundo la Jumamosi na kuhesabu upya. Tofauti ya dini ikayeyuka kama umande wa Manga jua likipanda. Ya siasa ikayeyuka nayo, kwa sababu ilikuwa imebebwa mgongoni na ile ya dini: milima ile inasali pamoja, inapiga kura pamoja.

Ya wasichana ilituchukua muda zaidi, na jibu lake lilituumiza. Tulipanga tarehe za fomu na za uzazi. Kwa wengi wao, karatasi yangu ilikuja kwanza. Msichana anapewa sifuri, anatolewa darasani, anakaa nyumbani kwa sababu kitengo kiko mbali, na miaka michache baadaye anazaa. Dakta alikuwa amesoma mambo kutoka mwisho kwenda mwanzo. Aliiondoa ripoti yake na kuandika nyingine, fupi, yenye jina langu na kosa langu kwa ruhusa yangu. Namheshimu kwa hilo hadi leo. Kama huko duniani wataalamu wamepata uhusiano kati ya akili na sala, au kura, au kitanda, mimi sijui na siwazuii. Ninachojua ni kwamba majalada yangu hayakuwa na uhusiano huo. Yalikuwa na Jumamosi.

Watoto wengine wa rundo lile tuliwafuata mmoja mmoja mwaka mzima, na wengi walirudi darasani. Lakini Kwamboka alikuwa na siku chache tu, kwa maana bodi ingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata kuthibitisha barua. Mkubwa wangu alinishauri niandike kwamba kipimo cha kwanza "kimepitwa na wakati". Ingenisitiri. Nilifikiria kidogo kisha nikakataa. Kilichopitwa na wakati kinaweza kuwa kilikuwa kweli zamani, na hiki hakikuwahi kuwa kweli. Mficha uchi hazai, na safari hii aliyetakiwa kuvua alikuwa mimi.

Bodi ilikaa katika maktaba ya shule. Mwenyekiti alikuwa Mzee Omwenga, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuikatiza. Yeye ndiye aliyesaini barua. Pembeni yake alikuwa mwalimu mkuu, Madam Nyaboke, na mwakilishi wa ofisi ya mwanasiasa fulani, kijana mwenye simu mbili. Kwamboka na Nyanya waliketi nyuma karibu na mlango. Mtoto alikuwa akitafuna ncha ya leso.

Nikasimama nikasema karatasi waliyo nayo ni ya uongo, na uongo ni wangu.

"Ngoja, Madam," akasema yule kijana wa simu mbili. "Kwa hivyo serikali ilidanganya?"

"Serikali haikuwepo. Nilikuwepo mimi."

Madam Nyaboke akasema hata kama ni hivyo, utafiti umeonyesha wasichana wa namna hii hawawezi. Nikamkabidhi barua ya Dakta Mutiso ya kuiondoa ripoti. Akaisoma mara mbili, akaiweka mezani taratibu. Mzee Omwenga hakuitazama barua hiyo. Alikuwa akiitazama fomu ya zamani.

"Hapa umeandika Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Saa nne. Sisi tulikuwa kanisani saa nne."

"Ndiyo."

"Na mtoto alifanya nini?"

"Aliweka mikono chini ya mapaja, akakaa hivyo hadi nilipomaliza."

Alivua miwani. Kisha mzee akageuka kwenye kiti chake, mzima mzima, akamtazama Kwamboka, jambo ambalo sidhani alikuwa amelifanya katika kikao chochote cha awali.

"Mimi nimehubiri juu ya Danieli miaka arobaini," akasema. "Huyu mtoto alikuwa na miaka tisa. Alishika Sabato mbele ya ofisi na mwalimu mkuu, peke yake, mimi nikiwa kanisani naimba. Tena mimi ndio nimechukua hiyo Sabato yake nikaifanya barua ya kumfukuza." Akainua barua mezani. "Kwamboka, mwanangu. Hii barua niliandika vibaya. Unisamehe."

Mzee wa kanisa hamwombi msichana msamaha mbele za watu, si kwetu. Kwamboka alisimama kwa sababu hakujua la kufanya. Akasema, "Ndiyo, mzee," kwa sauti ambayo ilisikika vizuri chumba kizima. Nyanya Kerubo alijifunika uso kwa leso ileile aliyokuwa akitafuna mtoto. Madam Nyaboke ndiye aliyetoa hoja kwamba mwanafunzi arudi Jumatatu na aruhusiwe kumnyonyesha mwanawe wakati wa mapumziko. Mikono yote iliinuka, hata wa kijana wa simu mbili, ambaye sasa alitaka kujua kama anaweza kupiga picha. Alikatazwa. Nami nikatoa kalamu nyekundu, nikaipiga mstari karatasi yangu kutoka kona hadi kona, nikaandika "Mpimaji alikosea", nikatia sahihi na muhuri wa ofisi. Nimeandika mengi kazini. Hakuna nililoliandika kwa raha kama hilo.

Jumatatu sikuwa na kazi Manga, lakini nilijitafutia. Nilifika kengele ikilia. Kwamboka alikuwa amevaa sare iliyopanuliwa ubavuni kwa kitambaa kisicholingana sana, na Nyanya alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya darasa, mtoto mapajani, kama mtu aliyepewa kiti cha mbele harusini. Wasichana kadhaa walimtazama Kwamboka na kunong'ona. Aliwapita kichwa kikiwa juu.

Mwalimu wa darasa, kijana mgeni, alinifuata mlangoni na daftari lake. Shule ile iliwapanga wanafunzi kwa makundi, wenye uwezo mbele na wanyonge nyuma.

"Madam, nimeambiwa wewe ndiye mpimaji," akasema. "Huyu nimweke kundi gani? Akili yake ni ngapi?"

Namba nilikuwa nayo mkobani, na ilikuwa namba ya kujivunia. Niliiacha humo.

"Mweke dirishani," nikamwambia. "Amsikie mtoto wake akilia."